Mbio za Utepe wa Bi Harusi

Sehemu ya Saba: Soksi Inashuka

Basi soksi ikashuka.

Wiki iliyopita niliwaacha na Thirza Kearton mbele ya madhabahu ya Keldrigg, mkono wake ukiwa mkononi mwa Cuthbert Alderson, soksi yake ya kushoto ikiwa imeteremka nusu ya mguu. Barua zenu nimezipata. Mama mmoja amenilaumu kwamba nimemkosesha usingizi kwa ajili ya soksi ya mtu asiyemjua. Pole, mama. Leo imefika chini.

Iliangukia kiatu, ikajikunja pale, nene, ya sufu, ya kijivu. Aliyeiona kwanza hakuwa bwana harusi. Wala hakuwa Mchungaji Ogden, ambaye macho yake hayaoni kupita ncha ya pua. Alikuwa Jonas Fawcett, mchuuzi wa farasi, benchi la pili. Huyu ndiye aliyemposa Thirza mara mbili akakataliwa mara mbili. Na ndiye aliyekuwa akitangaza kilabuni tangu Jumapili kwamba utepe wa soksi ya bi harusi ataufungua yeye, polepole, kwa meno.

Jonas akaitazama soksi. Akautazama mguu. Akaelewa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, na nilijua anatabasamu kwa jinsi masikio yake yalivyopanda.

Kwa wewe unayeanza leo kwa kuwa gazeti hili umefungiwa samaki, nakupa kwa ufupi.

Bondeni kwetu kila mtu anafuma. Wanawake wanafuma, wanaume wanafuma, hata Mchungaji anafuma chini ya mimbari akidhani hatumwoni. Mama mkwe ndiye humfumia bi harusi utepe wa kufungia soksi ya kushoto chini ya goti, na bi harusi huuvaa tangu anapoamka. Mkono wa mfumaji tunautambua kwa mbali, hivyo hakuna kudanganya. Utepe wa Thirza ulifumwa na Bi Keziah Alderson, mama yake Cuthbert. Ulikuwa wa buluu, mistari miwili myeupe, na hakuna mwingine wa kufanana nao kutoka huku hadi baharini.

Siku ya kuukabidhi, Bi Keziah alisema maneno haya: "Ukifika mlangoni kwangu mguu mtupu, nitajua umeshamvulia mwanamume mwingine. Kizingiti changu hukikanyagi."

Na saa ile Thirza anaolewa, utepe huo ulikuwa mguuni mwa ndama.

Alfajiri ile, akikatiza malisho ya Bi Keziah kwenda kwa shangazi yake kupambwa, Thirza alimsikia Cherry, ng'ombe wa Bi Keziah, akiguna bandani. Akaingia. Miguu miwili ya ndama ilikuwa nje, kichwa kimegoma. Kamba haikuwepo. Akavua utepe, akaifunga ile miguu, akavuta mpaka ndama akaanguka kwenye majani. Kabla hajajua kama anapumua, alisikia kikohozi cha Bi Keziah uani, akatorokea dirishani. Alitoroka kwa sababu Bi Keziah alikuwa amempiga marufuku mtu yeyote wa ukoo wa Kearton kumgusa Cherry. Mwaka jana ng'ombe watatu wa baba yake Thirza walikufa, na Bi Keziah aliamini mikono ya familia ile ina mkosi.

Hapo ndipo tulipo. Soksi alikuwa ameifunga kwa uzi wa kufumia, na uzi umekatika. Tuendelee.

"Soksi yako," Cuthbert alinong'ona.

"Najua."

"Utepe wa mama uko wapi?"

"Nitakwambia."

"Niambie sasa hivi."

"Sasa hivi tunaoana, Cuthbert."

"Mnasemaje huko?" Mchungaji akauliza.

"Ndiyo!" wakajibu wote wawili kwa pamoja, na kwa bahati ndilo jibu lililokuwa linatakiwa.

Mchungaji akasema ni mume na mke. Kwetu neno hilo ni bunduki ya kuanzia mbio. Wanaume kumi tuliinuka kwa mpigo mmoja, tukaruka mabenchi, tukakanyaga magauni, tukampita mchungaji angali na mkono hewani. Baraka zilizobaki wakapewa wanawake na mzee mmoja kiziwi.

Jonas alisita kidogo tu, akamwinamia Thirza sikioni. "Nitapiga magoti polepole, bi harusi. Nataka mama mkwe wako aone vizuri."

Nje akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi. Sultani, farasi wake mweusi, alikuwa akila nyasi makaburini. Akaacha nyasi, akaruka ukuta wa mawe, akaja kusimama mbele yake. Farasi yule akiusikia mluzi wa Jonas huacha chochote. Mliangalie hilo.

Thirza na Cuthbert walipotoka, barazani mwa kanisa alikuwa amesimama Shangazi Tamar, kiko mdomoni. Ana miaka sitini na miwili na amezika waume watatu, wote, anavyosema, kwa heshima zote.

"Mwanangu, soksi."

"Shangazi, leo kila mtu ananiambia soksi! Utepe uko kwa ndama wa Bi Keziah."

"Kwa nani?"

"Ndama. Nilimvutia."

"Yuko hai?"

"Sijui."

"Ee Mungu wangu. Afadhali ungempa mwanamume."

Cuthbert alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Ni mjenzi wa kuta za mawe, mtu wa polepole, na habari humfikia kwa zamu. "Mama atafunga mlango," akasema. "Mama akisema jambo halirudishi. Thirza, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa kwenye bia na binamu zako."

"Lakini nani alianzisha upuuzi huu wa kuvuana soksi?"

"Babu zako," Shangazi Tamar akamjibu. "Zamani waliwafuata maharusi mpaka kitandani. Chumba kinajaa. Huyu ameshika mshumaa, yule anavuta soksi, halafu wanatoka nje wakipunga utepe kuonyesha watu kwamba mambo yameanza. Halafu wakaja wasio na subira. Hawakungoja kitanda, walimrukia bi harusi pale pale madhabahuni. Kila mmoja anataka kipande, eti cha bahati, eti kinazuia wachawi. Bibi yangu aliingia kanisani na meno yote akatoka na pengo."

"Sasa mbio zinahusu nini?" Thirza akauliza.

"Mbio ni akili ya wanawake, mwanangu. Walikaa wakawaza: wanaume wa huku hawawezi kuona mashindano wakatulia. Wakawaambia, atakayefika nyumbani kwa bwana harusi wa kwanza ndiye atakayeufungua utepe, na ampelekee mpenzi wake kama ahadi. Tangu hapo neno likitoka tu, kanisa linabaki tupu na bi harusi anatoka na meno yake. Wao wanadhani mbio ni zao. Waache wadhani."

Thirza akageuka kuitazama barabara. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo wazo lilipomjia.

"Atakayefika wa kwanza," akasema. "Lazima awe mwanamume?"

"Kwa kweli sijawahi kusikia."

"Na asiwe bi harusi? Hilo umewahi kulisikia?"

Shangazi Tamar akatoa kiko mdomoni, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye maziko ya mume wa tatu. "Wala hilo."

"Basi nikifika mimi kwanza, utepe ni wangu, na mbele ya goti langu hapigi magoti mtu."

Akakamata hatamu za Tib, farasi mfupi wa shangazi yake, mnene, mwenye manyoya mpaka kwenye kwato, aliyezoea kubeba madini ya risasi kutoka machimboni. Akampanda kiume. Gauni likapanda magotini. Mguu mmoja ulikuwa na soksi, mwingine ulikuwa na aibu.

"Thirza, ngoja!" Cuthbert akalia.

"Nikingoja nitalala nje!"

Ndani ya kanisa Mchungaji Ogden naye alikuwa akipiga kelele. "Bi Thirza! Bado! Rudini, bado kuna..." Hakuna aliyesikiliza. Mchungaji siku zote ana bado. Laiti mtu mmoja angesikiliza.

Sasa, kuna njia mbili za kufika kwa Alderson. Waungwana wanazunguka na barabara, wanavuka daraja, wanapanda kilima. Farasi wa machimbo wanashuka moja kwa moja, wanakata mto Swale penye maji mafupi, wanatokea nyuma ya malisho. Sisi wanaume, kwa ujinga wetu, tulichagua uungwana.

Mimi nilikuwa wa nne mpaka ukuta wa kwanza. Farasi wangu aliruka. Mimi sikuruka.

Nikiwa bado chini, natema udongo, niliwaona wengine wakinipita: mwokaji, ndugu wawili wa machimboni, na Jonas akiwa mbele yao wote, koti likipepea. Alikuwa anaimba. Alipofika darajani akageuza kichwa kuwacheka waliokuwa nyuma, na ndipo akaona kitu cheupe mtoni.

Tib alikuwa amezama mpaka tumboni. Maji ya Aprili kwetu ni theluji iliyobadili jina. Thirza alikuwa ameliviringisha gauni shingoni, shada limeinamia jicho, na anamsemesha Tib maneno ya machimboni.

"Thirza!" Jonas akapaza sauti kutoka darajani. "Unakimbilia nini? Utepe si wako mwenyewe?"

"Ndiyo maana!"

Kicheko kikamtoka Jonas, kisha kikakatika. Akaipiga hesabu ya njia. Akampiga Sultani mateke mawili ya mbavu.

Lakini Tib hajui kukimbia na hajui kusimama. Huenda tu. Alipanda ukingo, akapenya tundu la kondoo kwenye ukuta wa kwanza, akapenya la pili, akatokea juu ya malisho ya Alderson wakati Jonas angali anazunguka kilima. Nyumba ilikuwa pale. Mlango ulikuwa wazi, na kizingitini sahani ya keki ya harusi, ile ya kumvunjia bi harusi kichwani. Zilibaki hatua mia. Thirza alianza kulia kwa furaha. Alikuwa ameshinda.

Ndipo Cherry akalia bandani.

Mtoto wa mkulima anaijua sauti ya ng'ombe aliyemaliza kuzaa. Ile haikuwa hiyo. Ilikuwa ya ng'ombe anayekufa na kazi yake katikati.

Thirza akasimama. Mbele yake kulikuwa na mlango, na kuufikia kulikuwa jina jema na kitanda chake. Nyuma yake alikuwa anazisikia kwato za Sultani. Akienda mlangoni, mambo yamekwisha na hakuna atakayejua. Akienda bandani, Jonas anafika, Jonas anapiga magoti, na bonde zima linauona mguu mtupu.

Alimtukana ng'ombe yule tusi ambalo mhariri wangu amelifuta mara mbili. Kisha akashuka, akakimbilia bandani. Ningependa kuwaambia kwamba mimi ningefanya hivyo, lakini nasema kweli, ningeenda mlangoni.

Yaliyosemwa bandani nimeyapata kwa Thirza mwenyewe.

Bi Keziah alikuwa amepiga magoti nyuma ya Cherry, mikono ya gauni imekunjwa, viwiko vyekundu. Hakugeuka.

"Funga mlango. Baridi inaingia."

"Mama, ni mimi..."

"Najua ni wewe. Hakuna mwingine anayehema kwa kelele hivyo. Yuko wa pili. Pacha. Ametanguliza matako."

Kwenye kona alisimama ndama wa kwanza, dume, mwekundu, miguu ikicheza. Alikuwa hai. Na kwenye mguu mmoja wa mbele, ambao fundo lake halikuwa limefunguka, alikuwa na utepe wa buluu wenye mistari miwili myeupe.

"Mama, utepe..."

"Nimeuona. Asubuhi nzima nimekaa nao. Nyoosha mkono." Akaushika, akaupima kwa macho. "Mdogo. Wangu umeshindwa kupita. Acha kuomba msamaha, vua pete, ingiza."

Pete ilikuwa na umri wa nusu saa kidoleni. Thirza akaivua. Bi Keziah akaitia mfukoni mwa aproni yake. Bi harusi wetu akalala kifudifudi kwenye majani, na gauni lile jeupe, ambalo wanawake watatu walilishona kwa wiki sita, halikuwa jeupe tena.

"Nilimkuta ndama anapumua," Bi Keziah akasema, akiwa ameushika mkia, "na fundo lako kwenye utepe wangu. Nikasema nitakungoja nikuue."

"Nimefika, mama."

"Vuta kwanza. Umeshika nini?"

"Mguu. Mmoja."

"Tafuta mwenzake. Ng'ombe watatu wa baba yako walikufa."

"Walikula majani ya chini ya machimbo. Ni sumu ya risasi. Mikono yetu ilikuwa na kosa gani?"

Bi Keziah akaukaza mkia. Cherry akaguna.

"Ungeniambia."

"Uliniuliza? Mwaka mzima unaniita 'yule wa Kearton'. Hata chai hujawahi kunipa kikombe chenye mkono."

"Vuta!"

Akavuta. Wa pili akatoka, jike, mzima, akipiga chafya. Wanawake wawili wakaanguka chali kwenye majani, wakabaki pale wakihema na kutazama paa.

Huko mlangoni, nako kulikuwa na balaa.

Jonas alifika mbio, akaruka chini kwa madaha, akafunua mikono kama anayepokea zawadi. Bi harusi hayupo. Mama mkwe hayupo. Aliyekuwepo ni Tib, kizingitini, amemaliza keki na sasa analamba sahani.

Wapanda farasi wengine wakafika. Na mimi nikafika, kwa miguu, nikichechemea.

"Tib ndiye mshindi!" akasema mwokaji. "Amefika kwanza, hata keki ameila!"

"Mwenye Tib ni Shangazi Tamar. Basi Shangazi ndiye afungue utepe!"

"Upuuzi!" Jonas akawaka. "Farasi asiye na mtu ni mnyama anayetembea tu. Mtu wa kwanza kufika ni mimi. Nani anabisha?"

Jonas ana mabega. Hakuna aliyebisha.

"Semeni basi! Mshindi nani?"

"Jonas."

"Sisikii!"

"Jonas!"

"Na mshindi anafanya nini?"

"Anapiga magoti anafungua utepe mguuni!"

"Popote ulipo?" ikauliza sauti nyingine.

Tukageuka. Bi Keziah alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, amelowa damu mpaka viwikoni. Mwokaji aliondoa kofia.

"Popote ulipo, Bi Keziah," Jonas akasema, akainama. "Mimi ni mtu wa mila."

"Mbele ya watu wote?"

"Nitasikitika wakikosa kuona."

"Basi njoo."

Tukaingia sote, tukajaza banda. Thirza alisimama katikati, nywele zimejaa majani. Sikuwahi kumwona mchafu hivyo, wala mzuri hivyo.

"Nyanyua gauni, bi harusi," Jonas akasema kwa sauti ya upole mno.

Thirza akalinyanyua mpaka gotini. Mguu ulikuwa mtupu, mweupe, una matope. Watu wakavuta pumzi. Jonas akatugeukia, uso umemng'aa.

"Mmeona wenyewe! Bi Keziah, nakupa pole kutoka moyoni. Utepe wako uko kwa dume jingine."

"Ni kweli," Bi Keziah akajibu. "Yule pale. Ana siku moja duniani na ameshakushinda." Akamwonyesha ndama. "Mvulie."

Banda zima likaangalia kona ile. Tulihitaji muda kidogo. Kisha kicheko kilichoanza kwa mwokaji kikapita kinywani mwa kila mtu mpaka Cherry akageuka kututazama.

"Hii siyo..." Jonas akaanza kurudi nyuma.

"Popote ulipo!" mtu akasema.

"Mtu wa mila!"

"Piga magoti, mshindi!"

Akapiga. Hakuwa na njia nyingine, maana maneno yalikuwa yake. Alipiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, kwa suruali mpya, akalishika fundo. Lakini sufu ikilowa na kukauka haifunguki kwa amri. Akavuta, likakaza. Akajifunga ncha ya utepe kwenye kifundo cha mkono ili apate nguvu, likakaza zaidi. Vidole vikawa na rangi na harufu ya mahali vilipokuwa.

"Kwa meno, Jonas! Uliahidi meno!"

Sauti hiyo sijui ilikuwa ya nani. Ninachojua ni kwamba alikuwa nyuma, ana matope mgongoni, na amevaa koti langu.

Jonas akainamisha kichwa. Ndama, ambaye hakuwa na adabu yoyote bado, akakojoa.

Katikati ya kelele zile Bi Keziah akatoa pete mfukoni, akaipangusa kwa aproni, akauchukua mkono wa Thirza na kumvisha mwenyewe. "Mkono huu nimeuona kazini," akasema, na safari hii alitaka wote tusikie. "Kizingiti ni chako."

Thirza akafungua mdomo kujibu. Hakupata nafasi.

"Thirza! Hukutia alama!"

Alikuwa Shangazi Tamar, ameingia uani juu ya farasi wa Cuthbert, mnyama mzee anayechechemea miguu miwili kwa zamu.

"Alama gani, Shangazi?"

"Daftari la kanisa! Ndiyo ile 'bado' aliyokuwa anaililia Mchungaji! Cuthbert ameandika jina lake, mahali pako ni patupu. Mchungaji anasema bila alama yako yeye hajamwoza mtu. Na saa sita ikigonga ndoa hairuhusiwi tena, anafunga daftari, anakwenda kwenye kanisa lake la pili, harudi mpaka mwezi ujao!"

"Cuthbert yuko wapi?"

"Amekalia joho."

"Amekalia nini?"

"Joho la Mchungaji, na Mchungaji mwenyewe yumo ndani. Hawezi kuinuka bila kulichana, na ndilo pekee alilo nalo. Ila mume wako, kama ndiye mume wako, hawezi kukalia saa."

"Saa ngapi sasa?"

"Nilitoka saa tano na nusu. Na huyu niliyempanda ni mzee kuliko mume wangu wa pili."

Kicheko kilikufa. Kule chini, magotini, Jonas akainua uso uliolowa. Nikayaona masikio yakipanda tena.

"Hajaolewa," akasema taratibu. "Nimeshika utepe wa msichana asiye na mume."

Tib alikuwa amelala kizingitini, tumbo limejaa keki. Farasi wetu wengine walikuwa wanatokwa povu, hawafai. Uani alisimama mmoja tu asiyehema, mweusi, hatamu zimelegea.

Thirza na Jonas walimwona kwa wakati mmoja.

Thirza akaruka. Jonas naye akainuka, lakini ncha ya utepe ilikuwa kwenye mkono wake na ncha nyingine kwenye mguu wa ndama. Ndama akakaa chini. Jonas akakaa naye.

Bi harusi alikuwa ameshapanda. Sultani hakuwahi kubebeshwa gauni, lakini visigino anavielewa. Akaondoka uani kwa mruko mmoja, na Bi Keziah akamkimbilia mpaka langoni, mwanamke wa miaka hamsini na tano, mikono miekundu hewani.

"Kimbia!" akapiga kelele. "Kimbia, mwanangu!"

Mwaka mzima alikuwa amemwita yule, yule binti, yule wa Kearton. Thirza alilisikia lile neno. Niliuona mgongo wake ukinyooka. Akalipita lango, akalipita tanuri la chokaa, akaingia njia ya kanisani kwa kasi ambayo sijaiona tena.

Nikageuka nimwangalie Jonas.

Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa ndama. Wa kushoto ulikuwa huru. Mluzi ni kazi ya vidole viwili tu, na hali ya vidole vile nimeshawaeleza. Akavinyanyua mbele ya uso. Akavitazama. Akalitazama vumbi la Sultani likipungua njiani.

Akafumba macho, akavitia mdomoni.